Upande wa Kushoto

Ni mwizi wa namna gani aachaye spika mbili nzima, mikrofoni isiyo na waya na mashine ya kuchanganyia sauti, kisha akaondoka na laptop kuukuu ambayo kifuniko chake kimeshikiliwa na utepe? Mkuu wa ulinzi wa hoteli, mwanamke ambaye wafanyakazi walimwita Jicho, alijiuliza hivyo akiwa amesimama katika stoo ya vyombo kando ya ukumbi. Ilikuwa saa tisa alasiri. Kufuli halikuvunjwa. Chaja ilikuwa bado imechomekwa ukutani.

Mwimbaji, ambaye wateja walimjua kwa jina la Chiriku, alikuwa ameketi juu ya spika moja. Hakuwa na bendi. Ngoma, besi na kinanda vyote vilikuwa vimerekodiwa ndani ya laptop ile, naye aliimba juu yake. Jioni hiyo wangekuja kumsikiliza wenye hoteli ya mji mwingine, waliotaka kumpa mkataba wa mwaka mzima.

"Nakala huna?" Jicho aliuliza.

"Ya kulia ninayo, kwenye flashi."

"Ya kulia?"

"Muziki wangu una pande mbili. Wa kulia unakwenda kwenye spika, ndio mnaousikia. Wa kushoto unaniingia mimi peke yangu, kwenye kidude cha sikioni. Ni hesabu ya kunianzisha, nisipotee njia. Anayehesabu ni marehemu mume wangu. Alirekodi siku zake za mwisho, chumbani, tukiwa wawili tu. Katika wimbo wa kufungia anafika mbili, anakohoa, anajicheka, ndipo anaendelea. Sikukifuta kile kikohozi."

"Na upande huo hukuutolea nakala?"

"Niliona nikiutolea nakala nitakuwa nimemgawa, dada. Hakuna ajuaye kwamba yumo. Watu huniona natabasamu kabla ya kuanza, wakadhani nawachekea wao."

Jicho akaenda mlangoni, akalikagua kufuli tena.

Stoo ilifungwa jana baada ya onyesho, na funguo zilikuwa kwa watu wawili. Wa kwanza alikuwa fundi sauti wa hoteli. Tangu Chiriku alipokuja na spika zake za kubebeka, kazi ya fundi ilibaki kuchomeka waya na kuchomoa.

"Mimi? Mkuu, nikiiba nitaiba kitu cha maana. Ile laptop ikiwaka tu ni muujiza."

"Ulisema jikoni kwamba unaiombea iungue."

"Nilisema, tena kwa sauti. Mdomo huponza kichwa, najua. Lakini tazama, chaja imeachwa. Betri yake ilikwisha kufa; bila chaja, mashine hiyo ni sinia. Aliyeichukua hakutaka kuitumia. Alitaka isiwepo."

Mwenye ufunguo wa pili alikuwa shemeji yake Chiriku, mdogo wa marehemu, aliyembebea vyombo kwa gari lake. Kaka yake alipofariki, yeye alikuwa kazini ng'ambo, akafika mazishi yamekwisha. Tangu hapo hakukosa onyesho hata moja. Jicho aliwakusanya wote stooni.

"Nilifunga, nikaenda kulala," shemeji alisema. "Muulizeni fundi."

"Tumemuuliza. Sasa ninalotaka kujua ni kama mwimbaji wetu ataweza kutumia flashi leo, yenye muziki wa spika tu."

"Flashi?" Alitikisa kichwa. "Waahirisheni hao wageni. Ule wimbo wa kufungia atauanzaje, bila yule kukohoa na kujicheka kwanza?"

"Nani akohoe?" fundi aliangua kicheko. "Onyesho gani hilo la wagonjwa?"

Chiriku aliinua uso polepole.

"Fundi," Jicho alisema, "unasikiliza maonyesho yote. Umewahi kusikia kikohozi?"

"Kamwe."

"Kwa sababu ukumbini hakitoki. Atakayekisikia ni yule tu aliyeufungua wimbo kwenye laptop yenyewe, pande zote mbili zikalia pamoja. Na wimbo ulipokuwa ukirekodiwa, wewe ulikuwa ng'ambo. Umekisikia wapi?"

Shemeji alitazama nyaya sakafuni. Hakujaribu kubisha.

"Nilitaka leo ipite tu. Wageni waondoke, shemeji asisafiri. Akiimba naona kana kwamba kaka yupo nyuma ya pazia, anasubiri tumalize tupakie vyombo. Asubuhi nikaazima chaja, nihakikishe haijaharibika kabla sijairudisha. Nikabonyeza wimbo. Akakohoa, sebuleni kwangu. Mimi sikumzika, shemeji. Nimekirudia kikohozi hicho mpaka jirani akaja kugonga mlango, akidhani ninaumwa."

"Iko wapi?" Jicho aliuliza.

"Garini, chini ya kiti. Nilikuja nayo, nikashindwa kushuka nayo."

Fundi alivua kofia yake, asijue aiweke wapi.

Chiriku alisimama. Alimtazama shemeji yake muda mrefu, kama atazamaye uso wa mtu mwingine ndani ya uso huo.

"Kailete," alisema. "Dada, polisi siendi. Fundi, mtolee nakala ya upande wa kushoto, wote, usikate kitu. Alikuwa kaka yake kabla hajawa mume wangu. Leo nitaimba. Wageni wakinitaka, nitatia saini na nitaondoka. Na vyombo, shemeji, kuanzia leo nitavibeba mwenyewe."