Safu ya Tatu ya Daftari

Kila siku saa tisa alasiri Chiriku alirudi kutoka shule, akavua sare, akala, kisha akashika zamu ya kumwangalia mdogo wake. Mama yao alikuwa fundi cherehani, na wateja hawakumwishia mlangoni. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina lake la utani lilitokana na wingi wa maneno yake. Mdogo wake, aliyeitwa Kinda, alikuwa na miaka sita na hajawahi kutamka neno.

Kinda alikuwa na tabia moja iliyowatesa wote. Alijing'ata mkono, chini ya kidole gumba, mpaka damu ikatoka. Kidonda hakikupata nafasi ya kupona. Muuguzi aliyekuwa akikisafisha aliwaelekeza kwa mtaalamu wa tabia za watoto, mwanamke mtaratibu aliyefika nyumbani kila Jumanne.

Mtaalamu hakuleta dawa. Alimpa Chiriku daftari lenye safu tatu: kilichotokea kabla, alichofanya Kinda, na kilichofuata. Alimweleza kwamba tabia haizuki bure. Ukijua inatanguliwa na nini na inaleta nini, unajua inataka nini.

Chiriku aliandika kwa mwandiko safi, ila kuna jambo aliliacha. Mama alikuwa amemkataza kumpa Kinda simu. Lakini Kinda alipojing'ata, Chiriku alimpa simu ya zamani iliyokuwa kabatini, mtoto akatulia papo hapo, naye akaendelea na hesabu zake. Baadaye aliichukua, Kinda akajing'ata tena. Katika safu ya kwanza aliandika, "Alikuwa amekaa tu." Katika ya tatu, "Alinyamaza mwenyewe."

Kwa maelezo hayo mtaalamu alidhani Kinda anapenda tu kutafuna, akamletea pete ya mpira. Kinda aliitupa uvunguni. Wiki mbili zikapita, kidonda kikatunga usaha. Muuguzi alisema ukifika mfupani, kidole kitakuwa hatarini.

Jumatatu Chiriku alimkuta mama akishona mifuko miwili ya turubai yenye kamba ndefu. Aliuliza ni kazi ya mteja gani.

"Ni ya mdogo wako," mama alisema bila kuinua kichwa. "Nimfunge mikono, mwanangu, au ningoje akatwe kidole?"

Kesho yake mtaalamu alipoketi tu, Chiriku alisimama mbele yake na mbele ya mama.

"Daftari lina uongo," alisema. "Nimeuandika mimi."

Akaeleza yote, simu na kabati. Mama alifungua kinywa ili amkaripie, mtaalamu akamwomba asubiri kwanza. Aliiomba simu ile. Kinda alipokuwa nayo, alitulia. Ilipochukuliwa, mkono ukaenda mdomoni, aliporudishiwa, ukashuka. Walirudia mara tatu tu, mtaalamu akiukinga mkono kwa mto mdogo, na kila mara ikawa vilevile.

Kazi halisi ilianza hapo. Mtaalamu alichora simu kwenye kadi, akamfundisha Kinda kuitoa. Akitoa kadi, anapewa simu mara moja, kwa dakika chache. Akijing'ata, mkono unakingwa, na simu haiji. Alimwonya Chiriku kwamba mambo yatazidi kuharibika kabla ya kutengemaa, na ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili za kwanza Kinda alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia, na Chiriku alitamani kukimbilia kabati. Hakukimbilia. Aliandika kila kitu, hata siku moja ya baadaye aliyolegea akampa simu.

Wiki ya tatu Kinda alimletea kadi mwenyewe, mara kumi na moja kwa alasiri moja. Wiki ya sita muuguzi alifungua bendeji akakuta ngozi mpya. Sasa Kinda alikuwa na kadi nyingine pia: ya maji, ya kutoka nje, na ya kupumzika.

Chiriku alimuuliza mtaalamu kwa nini hakumgombeza siku ile.

"Ulikuwa umeshajigombeza," alisema mtaalamu. "Mdogo wako hana maneno, kwa hiyo aliomba kwa mkono wake, nawe ulimjibu kila siku. Hilo si kosa kubwa. Mtu yeyote aliyechoka angelifanya. Kosa lilikuwa kulificha jibu lako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii maradhi hayakuwa yako."