Juu Kuna Mtu?

Kila siku baada ya shule, mabinti wawili wa nyumba ya msagaji walibadili sare, wakala, kisha wakaenda kwenye mashine kufagia. Mmoja alikuwa mtoto wake wa kumzaa. Darasani walimwita Wembe kwa sababu ya akili zake, na kwa sababu ya ulimi wake pia. Wa pili alikuwa mtoto wa marehemu mama mdogo wa Wembe. Huyu alifikiri kwanza ndipo aseme, basi wakamwita Kobe.

Nyuma ya mashine kulikuwa na kihenge cha bati, kirefu kupita mlango, kimejaa mahindi. Juu kilikuwa na dirisha la kumiminia mahindi, na ngazi ya kulifikia. Chini kilikuwa na mdomo uliofunguliwa ili mahindi yashukie kwenye mashine. Kabla ya kuufungua, msagaji alikuwa na desturi moja asiyoiacha hata akiwa na haraka. Aligonga bati mara tatu kwa chuma, akauliza, "Juu kuna mtu?" Wembe, aliyefagia upande wa ngazi, ndiye aliyejibu. Kupanda watoto walikatazwa kabisa.

Siku hiyo mwalimu alifundisha yabisi, kimiminika na gesi. Akauliza, kitu kinachotiririka na kufuata umbo la chombo ni nini? Kimiminika, wakajibu. Na mahindi je? Kobe akanyoosha mkono, akasema mahindi nayo ni kimiminika, maana kila siku huyaona yakitiririka. Darasa likaangua kicheko. Wembe akasimama bila kuitwa, akaeleza kwamba kila punje ni yabisi, ina umbo lake lisilobadilika. Maji ukiyamwaga sakafuni hutandaa, mahindi hurundikana kama kichuguu. Mwalimu akamsifu. Kobe akaachwa amesimama mpaka kengele, wenzake wakimuuliza kama kwao mahindi hunywewa kwa kikombe.

Kwenye mashine Wembe hakuwa amemaliza. Alimnyang'anya Kobe daftari la sayansi alilokuja nalo, akapanda ngazi mbio, akalitupa ndani ya kihenge.

"Si umesema ni maji? Ogelea ulichukue."

Kobe alimsihi. Kesho yake madaftari yangesahihishwa, na asiye na daftari angerudishwa nyumbani. Alipoona mwenzake anacheka tu, akapanda, akaingia dirishani. Mahindi yalimfika vifundoni. Akaanza kutembea taratibu kuelekea katikati, daftari lilipoangukia.

Ndipo chuma kikagonga bati mara tatu.

"Juu kuna mtu?" baba akauliza kutoka upande wa mashine.

Wembe alikuwa bado ngazini. Akisema yumo, ataulizwa kilichompandisha ni nini, na daftari lilitupwa na nani. Akajiambia kwamba Kobe atatoka sasa hivi.

"Hakuna, baba."

Kobe alisikia, akapiga kelele, lakini mashine ilikwisha kuwaka. Katikati ya mahindi kukafanyika shimo, nalo likamvuta. Magoti. Kiuno. Alipiga mikono kama mwogeleaji, wapi. Maji humwinua mtu. Punje zilisogea zikampokea, kisha zikambana.

"Dada," alisema, "mwambie baba mkubwa afunge."

Wembe alimtazama. Mungu ndiye ajuaye yote aliyowaza pale juu. Mwenyewe baadaye alikiri kwamba aliwaza fimbo. Mahindi yalipomfika mwenzake kifuani, ndipo akaruka chini na kukimbia.

"Nimesema uongo, baba. Kobe yumo ndani."

Msagaji alifunga mdomo wa kihenge, akazima mashine. Mahindi yalikuwa shingoni. Mpakiaji mmoja akamshika Kobe mikono na kuvuta. Mtoto akalia sauti iliyowatisha wote, wala hakusogea. Msagaji akamwambia aache, atamng'oa mabega. Na kila Kobe alipotoa pumzi, kifua kilisinyaa, punje zikajaza nafasi ile, na pumzi iliyofuata ikawa ndogo zaidi. Baba mkubwa akamwambia avute hewa kidogo kidogo, asiseme. Wakachomeka vipande vya bati kumzunguka ili mahindi mengine yasimrudie, kisha wakachota kwa makopo mahindi yaliyokuwa ndani ya duara. Kazi hiyo ilichukua saa nzima. Wembe aliamriwa kusimama ngazini, aangalie mpaka mwisho.

Kobe alitoka hai, ashukuriwe Mungu. Mbavu zilimuuma wiki mbili. Wembe alipokwenda kumwomba radhi, Kobe aligeukia ukutani.

Baba hakushika fimbo. Alimweka Wembe mbele yake, akasema, "Jibu la mwalimu ulilijua, ukalitoa mbio upate sifa. Langu ulilijua pia, ukalificha. Darasani ukikosea unaandikiwa sifuri. Hapa, kwa neno lako moja, mkono wangu ungemuua mtoto niliyeachiwa na mama yake. Mwerevu asiyesema kweli simtegemei kwenye kazi yangu."

Kesho yake alimpeleka shuleni, akamsimamisha mbele ya darasa aseme yote kwa kinywa chake. Hakuna aliyecheka.

Kobe alipopona, msagaji aligonga bati mara tatu, akauliza swali lake. Kwa mazoea, Wembe akafungua kinywa.

"Sikukuuliza wewe," baba alisema.

Kobe, kwa ruhusa yake, akapanda ngazi polepole, akachungulia, akatazama kila upande, akashuka. Wateja wakasubiri.

"Hakuna mtu, baba mkubwa."

Ndipo msagaji akafungua.