Kavata na Fimbo ya Ticha

Ndinda alikuwa fundi wa kufuma sweta za shule. Mashine yake ilikaa mlangoni, kwenye ploti moja ya nyumba za kupanga, Makongeni, Thika. Asubuhi hadi jioni ilisema kra-kra, kra-kra. Watoto wengi wa mtaa ule walivaa kazi ya mikono yake.

Na binti yake mwenyewe je? Ee, hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Kavata alikuwa na miaka minne. Januari angeanza shule ya nasari. Alipokataa uji, mama yake alimwambia, "Kataa tu! Ngoja uende shule. Ticha ana fimbo hii kubwa!" Alipochafua nguo: "Ticha atakunyorosha wewe!" Majirani walicheka. Baba yake, Kaloki, alicheka pia. Ndivyo wazazi wengi wanavyosema, na Ndinda hakuona ubaya wowote. Si samaki hukunjwa angali mbichi?

Jioni moja ya Desemba alimaliza kufuma sweta ndogo ya kijani yenye vifungo.

"Njoo ujaribu sweta ya shule, mama," alimwita Kavata.

Mtoto alipoiona alipiga mayowe. Aliingia uvunguni mwa kitanda na kukataa kutoka.

"Anadeka tu huyo," Kaloki alisema. "Atazoea."

"Azoee nini, Baba Kavata? Mtoto anatetemeka!"

Hofu ilimshika Ndinda. Mwaka uliopita alimwona mtoto mmoja wa mtaa wao akiburutwa hadi geti la shule kila asubuhi. Mwishowe wazazi walichoka, mtoto akabaki nyumbani. Je, Kavata naye angeikosa shule hivyo?

Kesho yake Ndinda alitoka kuanika nguo. Aliporudi alisikia sauti ndani ya nyumba. Akachungulia kando ya pazia. Kavata alikuwa amepanga makoni ya uzi wa mashine sakafuni, kama watoto darasani. Mkononi alishika mwiko.

"Mimi ndio ticha! Wewe, kunywa uji! Nitakunyorosha!"

Akalipiga koni moja kwa mwiko. Kisha akaliinua na kulikumbatia. "Nyamaza," alilinong'oneza. "Mama hayuko."

Wuui!  Maneno yale yalikuwa yake. Aliyatupa ovyo huku akifuma, akayasahau. Mtoto aliyaokota yote, moja moja, akayaweka. Kichwa kidogo namna hiyo kinabeba yote haya!

Jirani yao, Mwalimu Waithira, alikuwa anateka maji mferejini. Yeye alifundisha nasari ambayo Kavata angeanza. Ndinda alimwita polepole aje aone, akamweleza vitisho vyake vya fimbo.

Waithira alichungulia naye. "Kwani huyo ticha mwenye fimbo ni mimi?" aliuliza. "Mama Kavata, mimi sina fimbo. Hata sheria imeikataza."

"Nilidhani namfunza adabu," Ndinda alisema kwa aibu. "Sasa nifanyeje, Mwalimu? Hata A, B, C hajui."

"Hizo niachie mimi, ndiyo kazi yangu. Wewe mfundishe kufunga vifungo vyake. Afungue kopo la chakula mwenyewe. Ajue kwenda choo, na kunawa mikono akitoka. Ajue kusema jina lake na kuomba msaada. Alale mapema. Na umlete aone darasa kabla shule hazijafunguliwa."

"Na akilia nikimwacha?"

"Usimtoroke. Mwambie ukweli, kwamba unaenda na utarudi. Ukisema utarudi mchana, rudi mchana."

Jioni hiyo Ndinda alimpakata mtoto. "Kavata, mama alisema uongo. Ticha hana fimbo. Nisamehe."

Kavata hakuamini upesi. Hofu ya miezi mingi haitoki kwa jioni moja.

Wakaanza na vifungo. Weee! Mikono ya Ndinda ilimwasha. Alitaka kumfungia upesi arudi kwenye mashine, lakini alijizuia. Kavata alitoa ulimi nje, akahangaika, akafunga kombo, akafungua, akaanza tena. Siku moja kifungo cha mwisho kikaingia.

"Mum, nimeweza!"

"Haiya!" Ndinda aliacha uzi ukaanguka. Alikuwa amefuma sweta nyingi sana maishani, lakini hakuwa amewahi kuona ajabu kama vidole vile vidogo. Kweli Mungu ni fundi.

Kisha wakaenda kuona darasa. Kavata alisimama mlangoni, amemshika mama.

"Ticha, fimbo iko wapi?"

"Sina," Waithira alijibu. "Tafuta."

Kavata akatafuta. Alichungulia chini ya meza, nyuma ya mlango na ndani ya kabati. Mwalimu alingoja bila kumharakisha. Fimbo haikuwepo.

Siku ya kufungua shule ikafika. Getini msichana mmoja alikuwa analia, amemng'ang'ania nyanya yake. "Ticha atanichapa!"

Ndinda alihisi mkono wa Kavata ukimponyoka. Mtoto alimwendea yule msichana.

"Usilie. Ticha hana fimbo. Mimi nilitafuta kila mahali."

Akamshika mkono, wakaingia pamoja. Ndinda alibaki pale akiwatazama, machozi yakimtoka.

"Huyo ni wako?" nyanya aliuliza.

"Ni wangu," Ndinda alisema.

Mchana alirudi, kama alivyoahidi. Kavata alikuja mbio, sweta imefungwa hadi shingoni.

"Mum, umerudi!"

"Si nilikwambia nitarudi?"

"Ee. Kesho uniache tena."