Kila Mtu na Swali Lake

Asubuhi ile, kama asubuhi nyingine zote za mwaka ule, Lea aliamka amechoka. Jamani, kuamka umechoka ni jambo baya, maana hata kazi yenyewe hujaianza. Ukungu ulikuwa umelala juu ya vilima vya Mufindi, na baridi ilikuwa ile ya kung'ata vidole. Alichota maji mtoni, akawasha moto, akapika uji, kisha akatandaza maua ya pareto juu ya kichanja ili jua likitoka yaendelee kukauka.

Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake alikuwa ameanguka wakati wa palizi akavunjika mguu, na mguu wenyewe ulikuwa unapona polepole mno. Basi shamba, jiko na kuni, vyote vilimwangukia Lea.

"Nenda, mwanangu, utachelewa," mama alimwambia akiwa ameketi mlangoni.

"Naenda, mama. Ukiona wingu, mwite jirani aanue maua."

"Wingu likija nitaanua mwenyewe, hata kwa kutambaa. Wewe nenda ukasome."

Lea alikuwa darasa la nane katika shule ya misheni. Ilikuwa miaka ya hamsini, na nafasi za sekondari zilikuwa chache sana, za wasichana ndiyo usiseme. Mtihani wa kuandika walikuwa wameshaufanya. Lililobaki ni mkaguzi kuja kutoka Mbeya awasikilize Kiingereza kwa mdomo, kisha apendekeze wanafunzi wawili tu. Mama alikuwa ameshamwambia wazi: "Ukichaguliwa, nitamwita mdogo wangu kutoka Iringa aje akae nami. Usipochaguliwa, utabaki hapa tulime." Hakulisema kwa ubaya. Ndivyo mambo yalivyokuwa.

Mwalimu wao wa Kiingereza, Mwalimu Saulo, alikuwa akifundisha madarasa mawili kwa zamu moja, na ikifika adhuhuri sauti ilikuwa imemkauka. Aliandika ubaoni istilahi za fasihi, yaani yale maneno ya kuchambulia hadithi. Aliyaandika kwa Kiingereza. Sisi hapa tuyataje kwa Kiswahili tusichoshane. Mhusika ni yule anayetenda katika hadithi. Mandhari ni mahali na wakati inapotokea. Mgogoro ni mvutano unaomsumbua mhusika. Tashbiha ni kufananisha kitu na kingine kwa neno kama "kama" au "mithili ya". Dhamira ni lile wazo ambalo hadithi inataka tuondoke nalo. Na mengine yalifuata, mpaka ubao ukajaa.

"Mkaguzi atauliza haya," Mwalimu Saulo alisema. "Someni."

Alipotoka, watoto walishika tama. Ndipo Danieli, mtoto wa mwinjilisti, aliposimama.

"Tunahangaika bure," alisema. "Mmesahau kipaimara? Baba yangu alitugawia maswali ya katekisimu. Kila mtu na swali lake. Mchungaji akauliza kwa kufuata benchi, tukajibu kwa kufuata benchi. Nani alikwama?"

"Hakuna," wakajibu.

"Basi na huku tugawane. Tukae vilevile kila siku. Kila mtu ashike neno lake moja, alijue mpaka aliote."

Severina, aliyekaa na Lea benchi moja, alikunja uso. Alikuwa Mkatoliki, na kwao pia walikariri katekisimu, ila yeye alikuwa na wasiwasi. "Mkaguzi akiruka benchi je?"

"Haruki. Wakubwa wanapenda mpangilio."

Lea alikubali mara moja. Aliposikia neno moja tu, moyo wake ulitulia kama wa mtu aliyetua mzigo wa kuni. Alipewa mandhari. Siku zile zote alikwenda nayo shambani, akichuma pareto huku midomo ikicheza: mandhari ni mahali na wakati, mahali na wakati. Darasani Mwalimu Saulo alipouliza, majibu yalimiminika benchi kwa benchi bila kusita. Mwalimu alifurahi, maskini, hata akakaa kitini kidogo apumzike.

Mkaguzi alifika siku ya mvua. Aliitwa Bwana Lutengano, mtu wa Tukuyu, mrefu, suruali imejaa tope mpaka magotini. Gari lake lilikuwa limekwama njiani. Alimsalimu Mwalimu Saulo, akavuta kiti, akaketi kwa kishindo.

"Nimechoka," alisema, "kwa hiyo msinisomee vitabuni. Nataka mmoja wenu anisimulie jambo lililompata wiki hii. Wewe binti unayesinzia pale."

Binti huyo alikuwa Lea. Alisimama. Kwa Kiingereza cha kukwamakwama alisimulia jinsi siku mbili zilizopita alivyokuwa akirudi kutoka mtoni na mtungi kichwani, mvua ikaanza ghafla, na maua ya pareto yako nje. Alitaka kukimbia, lakini mtungi ulikuwa wa bibi yake. Alisita pale njiani, hajui aokoe kipi. Mwishowe aliuweka mtungi chini vibaya ukavunjika, na alipofika nyumbani alimkuta mama yake matopeni, akijikokota na mguu wake mbovu, amekumbatia maua yaliyokwisha kulowa.

Bwana Lutengano alitikisa kichwa polepole.

"Kisa kizuri. Sasa, mandhari ni nini?"

Lea alishusha pumzi. Swali lake! "Mandhari ni mahali na wakati hadithi inapotokea."

"Vyema. Na mandhari ya kisa chako ni ipi?"

Lea alitazama ubao, akatazama miguu yake. Maneno aliyokuwa nayo yalikuwa yameisha.

"Haya, tuliache. Mgogoro wa kisa chako ni upi?"

"Hilo si langu, Bwana," Lea alijibu kwa unyenyekevu. "Hilo ni la Danieli."

Msimcheke. Alijibu alichokijua. Lakini nyuma mtu mmoja aliguna, na Mwalimu Saulo aliyekuwa dirishani akageuka taratibu.

"La Danieli?" Bwana Lutengano alishangaa. "Danieli ni nani? Haya, tuambie mgogoro katika kisa cha mwenzako."

"Mgogoro ni mvutano unaomsumbua mhusika," Danieli alisema harakaharaka.

"Wa kisa cha huyu binti, ndugu yangu."

Danieli alirudia ufafanuzi uleule, neno kwa neno.

"Mlisomaje haya maneno?" mkaguzi aliuliza.

"Tumesoma sote, Bwana," Danieli alisema. "Yote. Leo tumeogopa tu."

Bwana Lutengano alimgeukia Lea, aliyekuwa bado amesimama. "Ni kweli?"

Lea alimwona Severina ameinamisha kichwa. Alimwona Danieli anamkazia macho. Akitikisa kichwa tu kukubali, mkaguzi angeamini, na pengine angewahurumia wote. Akisema ukweli, sekondari ndiyo imekwenda. Machozi yalimjaa, na zaidi ya yote alikuwa amechoka, hana hata nguvu ya kuubeba uongo.

"Si kweli, Bwana. Tuligawana. Kila mtu alijifunza neno moja, kama kwenye kipaimara. Mimi najua mandhari tu, na nayo, nimeona leo, siijui."

Bwana Lutengano alisimama akachukua kofia yake. "Nakwenda Iringa. Nitapita hapa wiki ijayo nikirudi. Leo sina jina la kuandika."

Alipoondoka, lawama zote zilimwangukia Lea. "Umetuchongea!" "Ungenyamaza ungekufa?" Danieli alihama benchi alilokaa na Lea na Severina. Mwalimu Saulo hakuchapa mtu. Alifuta ubao wote, akakaa, akasema kwa sauti iliyokwaruza, "Mimi niliwasikia mkijibu kama kwaya, nikafurahi badala ya kushtuka. Tuanze upya. Leo hakuna ufafanuzi wa kukariri. Chukueni kisa cha Lea. Nani mhusika?"

Ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchuma pareto. Walibishana. Mhusika mkuu ni Lea au mama? Mvua nayo ni mhusika? Kila siku mmoja alisimulia kisa chake, na wote walitakiwa kukichambua, bila kujua nani ataulizwa nini. Lea aliendelea kuamka amechoka, akichota maji huku akijiuliza: mgogoro wangu ulikuwa kati yangu na mvua? Mpaka asubuhi moja, mikono ndani ya maji baridi, alielewa kuwa mvua ilikuwa mvua tu. Waliovutana walikuwa yeye na yeye: nusu yake ilitaka kuokoa mtungi, nusu ilitaka kukimbia kabla mama hajatambaa kuanua maua. Alisimama pale mtoni akacheka peke yake.

Siku ya tatu Danieli alirudi benchini. "Nilisema uongo nikikutegemea wewe uutetee," alimwambia bila kumtazama. "Haikuwa haki. Nisamehe."

"Kaa basi," Lea alisema. "Nieleze tashbiha, bado inanichanganya."

Bwana Lutengano aliporudi, safari hii alisimulia yeye. Siku ile ya kwanza, alisema, gari lilipokwama wanakijiji walikuja na majembe kulichimbua. Yeye alibaki ndani, kwa sababu alikuwa amevaa suruali yake safi ya kuja shuleni. Tope lilikuwa limeng'ang'ania magurudumu kama ugali ulioungulia chunguni. Bibi mmoja aligonga kioo akamwambia, "Baba, wewe ni mzito, shuka." Alikaa kidogo, kisha akashuka, akasukuma, na gari likatoka.

"Tashbiha?"

Mikono mingi ilinyooka. Severina alijibu, "Tope kama ugali ulioungulia, Bwana. Maana lote lilikuwa limeshika, halibanduki."

"Mgogoro?"

"Kati ya gari na tope," Danieli alisema.

Lea alinyoosha mkono. "Samahani, Bwana. Gari halina hisia. Mgogoro ulikuwa ndani yako. Ulitaka gari litoke, na hukutaka kuchafuka mbele ya watu."

Mwalimu Saulo alifumba macho. Kumwambia mkaguzi hivyo usoni! Lakini Bwana Lutengano aliangua kicheko mpaka akajifuta machozi.

"Kweli kabisa! Na dhamira?"

"Kwamba mtu asikae juu ya mzigo anaotaka wengine wausukume," Lea alisema.

Siku ile majina mawili yaliandikwa: Lea na Severina. Bwana Lutengano alimwambia Danieli kwamba ameanza kuelewa, ila amechelewa kuanza. Mwalimu Saulo aliwaambia wote, "Kanisani mlijua mtaulizwa nini. Huko mnakokwenda, hakuna atakayewagawia maswali mapema. Usipojua, sema hujui, kisha kaa chini ujifunze. Lea alianzia hapo, akafika."

Lea alifika nyumbani akakaa chini karibu na mama yake, akamweleza, kisha akaanza kulia kwa kwikwi.

"We mtoto! Umechaguliwa, unalia nini?"

"Nimechoka, mama."

Mama alimvuta begani kwake, akamwacha. "Basi lia, mwanangu. Ukimaliza, ulale. Leo ugali nitasonga mimi."