Kilomita Elfu za Mwanzo

Duka la vipuri lilifurika watu, kila mmoja akitaka ahudumiwe yeye kwanza. Msusi mmoja, gauni jekundu limemkaa sawasawa kiunoni, alirudi nyuma akamkanyaga fundi magari.

"Dada, huo mguu ni wangu."

"Pole kaka. Si ungeutia mfukoni?"

Wakacheka, na yakaanza hivyo hivyo. Mapenzi hayabishi hodi. Wiki ile ile fundi akamfungia injini mpya kwenye kigari chake. Siku ya kumkabidhi ufunguo akawa mkali kama baba mkwe.

"Kilomita elfu za mwanzo usizidi spidi themanini. Usikanyage mafuta ghafla, usibebe mzigo mzito. Vyuma vipya lazima vizoeane kwanza. Ukiviharakisha, injini inakufa mikononi mwako."

"Na mimi na wewe?"

"Sisi pia, taratibu."

Gereji nzima walimwita Taratibu. Hata chai aliinywa ikishapoa. Basi msusi akapata mchezo. Kila asubuhi, akitoka nyumbani kwa mama yake, anampigia simu.

"Taratibu wangu, leo nakanyaga mpaka mwisho!"

"Thubutu! Ukizidi themanini sikuoi."

Mchezo mtamu, sikatai. Lakini jamani, utani ule ule kila siku, siku ya kweli utajulikanaje?

Jumatatu moja mama alianguka jikoni, kashika kifua, hapumui vizuri. Majirani wakamlaza kiti cha nyuma. Hospitali ilikuwa mbali. Msusi akapiga simu.

"Mpenzi, nikanyage?"

Taratibu alikuwa chini ya lori, nyundo zinagonga kila upande. Akacheka. "Umeshaanza! Ukizidi themanini sikuoi." Akakata.

Msusi alidhani fundi amemsikia mama akikoroma kule nyuma. Alidhani fundi anajua anachosema: akikanyaga, injini itazimika njiani, mama afie barabarani. Akashika themanini yake, machozi yanamtiririka, magari yanampita.

Mama alikata roho geti la hospitali likionekana. "Mngewahi kidogo tu," daktari akasema. Maneno mengine si ungeyameza tu, daktari!

Baada ya mazishi Taratibu alimfuata saluni. Msusi alikuwa anasuka, kitambaa cheusi kichwani.

"Nilidhani unanitania. Ningejua ningekwambia kanyaga, injini ipasuke, nitakufungia nyingine. Nisamehe, mpenzi. Nataka nikuoe."

"Nimekusamehe. Wewe hukujua," akasema bila kugeuka. "Mimi nilikuwa namsikia mama yangu nyuma yangu, nikakusikiliza wewe. Hilo ndilo lisilonitoka."

"Hunipendi tena?"

"Nakupenda. Nilikupenda mpaka nikakutii. Sasa nenda."

Akaenda. Msusi akaendelea kusuka, na mteja, kwa kumwonea huruma, hakumwambia kwamba anamvuta nywele.