Saa Elfu Moja za Kikokotoo

Kila alipotoka shule, Kikokotoo alipitia studio ya picha ya shangazi yake, akabadili sare nyuma ya pazia, kisha akashika ufagio. Jina hilo alipewa na shangazi kwa wepesi wake wa hesabu, naye alilipenda kuliko jina lake halisi. Ukimwita kwa jina la shuleni, alijifanya kiziwi.

Karibu na dirisha aliketi msaidizi wa studio, Dada Asilimia. Kazi yake kubwa ilikuwa kupakia picha kwenye mtandao ili ziende kwa wachapaji wa mji mwingine. Intaneti ilikuwa ya kusuasua, na ikikatika katikati, faili ilianza upya. Kwa hiyo hakubanduka kitini. Alikikodolea macho kioo cha kompyuta na kutangaza, "Arobaini na moja! Arobaini na mbili! Jamani, imegoma tena!" Wateja ndio waliompa jina lake.

Siku moja kampuni fulani iliwawekea intaneti ya kasi kwa majaribio, pembeni ya ile ya zamani. Shangazi akamwita Kikokotoo.

"Mwanangu, nipimie. Wiki nzima, kila siku, uone faili zinachukua muda gani kwa intaneti ya zamani na muda gani kwa hii mpya. Kisha nikadirie tutaokoa saa ngapi kwa mwaka."

Kikokotoo alianza Jumamosi, siku ya picha za harusi, zenye faili nzito na nyingi kuliko siku zote. Intaneti mpya iliokoa saa tatu nzima! Jumapili marafiki wakamwita kucheza. Jumatatu vilevile. Wiki ikayeyuka, naye alikuwa na Jumamosi yake ile ile moja. Akachukua saa tatu, akazidisha kwa siku zote za mwaka, akampelekea shangazi jibu: zaidi ya saa elfu moja.

"Umepima kila siku?"

"Ndiyo, shangazi."

Shangazi alifurahi mpaka akapiga makofi. Kisha akamvuta Kikokotoo chumba cha nyuma na kushusha sauti.

"Saa elfu moja ni nyingi mno. Nampenda Asilimia, lakini siwezi kumweka mtu wa kusubiri faili zisizosubirisha. Kesho tukifunga nitamwambia atafute kazi kwingine. Wewe funga mdomo."

Kikokotoo alitoka na ufagio, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

"Mbona umenywea hivyo?" Dada Asilimia akamuuliza. "Umeumwa na namba? Usiugue bwana. Mwakani mwanangu anaanza darasa la kwanza, na mwalimu wake wa hesabu ni wewe."

Kikokotoo aligeukia kona nyingine na ufagio wake. Akisema, shangazi atajua ni mwongo, na jina lake zuri litageuka kichekesho. Asiposema, Dada Asilimia atakosa kazi kwa sababu yake.

Kesho yake, Jumamosi, siku ilikwenda mbio. Maharusi wa mwisho walipoondoka, shangazi alizima taa za kupigia picha, akasema, "Asilimia, usiondoke kwanza. Nina neno nawe."

"Shangazi!" Kikokotoo alijisikia akipiga kelele. "Tafadhali, nianze mimi."

Katika chumba cha nyuma alisema yote huku machozi yakimtoka.

"Mimi nilikuwa namwachisha mtu kazi kwa hesabu ya kubuni," shangazi akasema hatimaye. Uso wake haukuwa na tabasamu. "Utapima upya. Siku saba, na utakaa hapo hapo."

Shangazi alimwambia Asilimia arudi kazini kama kawaida, neno lenyewe litasubiri.

Safari hii Kikokotoo aliketi na saa mkononi. Siku za katikati ya wiki zilikuwa za picha ndogo za vitambulisho. Intaneti mpya iliokoa dakika kumi hivi kwa siku, si zaidi. Hata hivyo hofu haikumtoka. Je, akipima kwa haki na bado Dada Asilimia akaachishwa? Mara mbili alishawishika kupunguza namba ili amwokoe. Mara mbili akaandika kile alichokiona.

Alihesabu Jumamosi, iliyookoa tena saa tatu, peke yake na siku ndogo peke yake, kisha akazidisha kwa wiki za mwaka. Jibu likawa kama saa mia mbili kwa mwaka.

Shangazi alilipitia kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Nyingi ni za Jumamosi," shangazi akasema, "siku ambayo wateja ni wengi na bila Asilimia tunazama. Intaneti nitaichukua. Asilimia habanduki. Saa hizo atajifunza kupiga picha." Kisha akamwinulia Kikokotoo kidevu. "Kukosea hesabu si aibu, mwanangu, hata mimi hukosea. Lakini ukisema umepima na hujapima, watu wanaamua maisha ya wenzao kwa neno lako. Sasa nenda ukamwambie mwenyewe."

Hatua zile chache mpaka dirishani ndizo zilizomwogopesha kuliko zote. Alimweleza Dada Asilimia kila kitu akiwa ameinamisha kichwa.

Dada Asilimia aliacha kutazama kioo. "Kumbe wiki nzima nilikuwa naimba asilimia, na kazi inaniponyoka?"

Hakucheka. Kisha akavuta kiti cha pili karibu na chake.

"Kaa hapa," akasema. "Siku nyingine ukinipigia hesabu, nipigie nikiwa najua."