Rubabu ya Mboni

Mboni anaishi na Bibi yake, Lushoto, mlimani kwenye ukungu.

Nyuma ya nyumba kuna bustani. Kuna karoti, kabichi na mchicha. Asubuhi Bibi huchuma mboga. Kwacha, kwacha, kwacha! Akichuma mchicha leo, kesho kutwa umechipua tena.

Siku moja Bibi alikwenda sokoni. Shangazi Hidaya akaja na mche ndani ya kopo.

"Shikamoo, Shangazi! Hicho nini?"

"Marahaba. Hii ni rubabu. Ile jemu yangu unayoilamba mpaka kijiko kinang'aa, inatoka hapa."

Mboni akachungulia ndani ya kopo. Aliona jani moja, limekunjamana. Lilikuwa na mguu mwekundu.

"Jemu iko wapi?"

"Kwenye huo mguu. Unaitwa kikonyo. Vikonyo tunapika na sukari. Majani hatuli. Yana sumu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Mwambie na Bibi."

"Nitamwambia," alisema Mboni.

Wakachimba shimo. Chimba, chimba, puu! Wakatia samadi. Wakatia maji. Chururu!

"Kesho tunapika jemu?"

Shangazi akacheka. "Mwaka huu hatuchumi hata kikonyo kimoja. Mizizi bado haina nguvu. Tutachuma mwakani."

Mwakani! Mboni alinuna.

"Akija mtu kuchuma," alisema Shangazi, "mwambie hivi:

Bado, bado, usichume!
Iache rubabu ikue!"

Bibi alirudi kutoka sokoni na muwa. Mboni alimwambia habari ya jemu. Alianza kusema habari ya majani. Bibi akampa kipande cha muwa.

Mboni akatafuna. Akatafuna tena. Habari ya majani akaisahau.

Mvua ikanyesha. Rubabu ikatoa jani. Ikatoa jingine. Majani yakawa makubwa kuliko kichwa cha Mboni. Vifaranga wakajikinga mvua chini yake.

Jirani yao, Baba Shemdoe, akapita. "Lo! Mboga hiyo! Nichume kidogo?"

Mboni akasimama mbele ya rubabu.

"Bado, bado, usichume!
Iache rubabu ikue!"

"Haya, askari!" alisema Baba Shemdoe. Akaenda zake akicheka.

Siku moja kuku waliingia bustanini. Do, do, do! Wakadonoa mchicha wote.

Mboni alikuwa shuleni. Bibi akatazama huku. Akatazama kule. Akaona majani makubwa ya rubabu.

Kwacha, kwacha, kwacha!

Mboni akarudi. Sufuria ilikuwa jikoni. Tokota, tokota, tokota.

"Bibi, leo mboga gani?"

"Majani ya mti wako, mke mwenzangu. Yalijaa mno. Nimeyachuma yachipue vizuri."

Bibi akainua mwiko aonje chumvi.

"Bibi, usile!" Mboni aliangusha mkoba wake. "Yana sumu! Shangazi alisema nikuambie. Nikasahau!"

Mwiko ukasimama karibu na mdomo wa Bibi.

"Umeonja?" aliuliza Mboni.

"Bado," alisema Bibi. "Bado, bado."

Akaushusha mwiko polepole.

Wakaimwaga mboga kwenye shimo la taka. Wakaifukia, kuku wasiifikie. Wakaosha sufuria. Wakaiosha tena.

Siku hiyo walikula ugali kwa maziwa.

Kisha wakaenda bustanini. Rubabu haikuwa na jani. Vilibaki vishina vifupi tu.

"Bibi, imekufa?"

"Sijui, mjukuu wangu. Mti huu siujui kama ninavyoujua mchicha." Bibi akapiga magoti. "Lakini nimekosa. Nilichuma kitu chako bila kuuliza."

"Na mimi sikukuambia," alisema Mboni.

Bibi akaleta samadi. Mboni akaleta maji. Chururu. Wakatandika majani makavu pembeni, udongo usikauke.

Asubuhi Mboni akauliza, "Imeota?"

"Bado, bado," alisema Bibi.

Kesho yake akauliza tena, "Imeota?"

"Bado, bado."

Ukungu ukaja. Ukungu ukaondoka. Mboni akaacha kuuliza. Alikwenda tu, akatazama, akarudi.

Asubuhi moja alikwenda, akatazama, na hakurudi.

"Mboni! Uji unapoa!"

"Bibi, njoo! Kuna ngumi!"

Bibi akaja na kijiko mkononi. Kweli, kwenye udongo kulikuwa na ngumi. Ilikuwa ndogo na nyekundu.

Ngumi ikafunguka polepole. Ikawa jani.

Mwaka uliofuata ukafika. Rubabu ilijaa tena. Baba Shemdoe akapita.

"Sasa je? Nichume kidogo?"

Mboni akafungua mdomo. Lakini Bibi alimtangulia. Alitoka jikoni mbio, na mwiko mkononi.

"Bado, bado, usichume!
Iache rubabu ikue!"

"Lo! Askari wamekuwa wawili!" alisema Baba Shemdoe.

Jumamosi Shangazi akaja na sukari. Akaitazama rubabu. Akamtazama Mboni.

"Leo," alisema.

"Leo?"

"Leo. Shika kikonyo chini kabisa. Zungusha. Vuta!"

Mboni akashika. Akazungusha. Akavuta. Pwap!

Vingine wakaviacha, rubabu isichoke. Majani wakayafukia shimoni. Vikonyo wakavipika na sukari. Pwata, pwata, pwata.

Mboni alipaka jemu kwenye mkate wa Bibi. Akapaka kwenye mkate wa Shangazi. Akampelekea Baba Shemdoe kidogo kwenye kikombe. Kisha akalamba kijiko mpaka kikang'aa.

Jioni ukungu ukashuka. Bibi akamfunika Mboni blanketi.

"Bibi, rubabu imelala?"

"Imelala."

"Na vifaranga?"

"Wamelala. Na wewe lala, mke mwenzangu."

"Bado, bado," alisema Mboni.

Akapiga mwayo. Akafumba macho.

Akalala.